Koplo wa Kensington

Kitu cha kwanza alichokitazama kwa mtu kilikuwa miguu. Aliingia dukani, akashika fremu ya mlango kwa mkono mmoja, na macho yake yakashuka moja kwa moja hadi kwenye viatu vyako, yakakaa hapo kidogo, ndipo yakapanda kukusalimu. Baadhi ya wateja wangu waliudhika. Mmoja aliniinamia akaniuliza kama huyu mzee wa kizungu ana akili timamu. Nikamwambia anazo zote. Aliwahi kuwa askari wa miguu, na kazi ile haijamtoka.

Tulimwita Koplo. Kwetu Uvira, mashariki mwa Kongo, tungesema kaporali, lakini yeye mwenyewe alijiita koplo, na kila aliyepita dukani akalichukua hivyo hivyo. Alikuwa Mwingereza mrefu aliyeanza kupinda, na mwaka 2015, nilipofungua duka langu la ushonaji kwenye barabara kuu ya Kensington, hapa Johannesburg, alikuwa ametimiza miaka tisini. Kwa miaka minne alikuja karibu kila Jumanne saa nne asubuhi, na sikumbuki Jumanne hata moja aliyofika saa nne na dakika tano. Jina lake nalijua, lipo kwenye daftari langu la vipimo. Sikuwahi kumwita kwalo akiwa hai, na sitaanza leo.

Kuhusu miguu alikuwa na msimamo kama wa mtu wa dini. Aliniambia kwamba watu hudhani jeshi linamalizwa na risasi, kumbe linaanza kuoza kwenye vidole. Alipelekwa vita vya Burma akiwa na miaka kumi na tisa, na batalioni yake ilitembea milimani katika mvua isiyokatika, buti hazikauki tangu mwezi huu hadi mwezi ule. Batalioni ile ilikusanywa kutoka mji mmoja wa kwao uliokuwa ukiishi kwa viwanda vya viatu. Karibu nusu ya vijana wale walikuwa mafundi wa buti, na yeye mwenyewe alikuwa amekata soli kiwandani tangu akiwa na miaka kumi na minne. Alisema ndiyo maana walikuwa na hasira kuliko askari wengine wote: buti ilipoachama, walijua ni mshono gani uliokosewa na kiwanda gani kilichoukosea, na wengine walijua hata jina la aliyeukosea.

Mume wangu, Baba Neema, ni mlinzi. Husimama getini kwenye jengo la ofisi saa kumi na mbili kwa siku. Jumanne moja alipitia dukani akitoka zamu, akasimama akihamisha uzito mguu huu hadi mguu ule. Koplo akamwagiza avue viatu. Baba Neema ni mtu wa heshima zake, mzee wa kanisa, akanitazama nimwokoe. Nikajifanya natafuta uzi. Koplo akashuka polepole mpaka magoti yakagusa sakafu, na kushuka kule kulichukua muda, akatazama kati ya vidole kimoja kimoja, akauliza ana pea ngapi za soksi. Mume wangu akajibu mbili. Koplo akatikisa kichwa kama daktari aliyechelewa kuitwa.

Jumanne iliyofuata alikuja na soksi za sufu pea sita na kopo la poda. Akaeleza: pea moja miguuni, pea moja imeanikwa, na pea moja ndani ya shati, kifuani, ikikaushwa na joto la mwili wako mwenyewe. Baada ya hapo walinzi wenzake wa kanisani kwetu wakaanza kupita dukani siku za Jumanne, mmoja mmoja, wakisingizia kwamba wameleta suruali ya kukunjwa pindo. Koplo alikaa kwenye stuli kando ya meza ya kupigia pasi, anapokea miguu ya Wakongo kama vile ndiyo kazi aliyojia Afrika. Hakuwahi kumsifu mtu yeyote kwa jambo lolote isipokuwa hilo. "Miguu safi," angesema, na mtu mzima angetoka nje akitabasamu.

Nimeandika maneno hayo kama alivyoyasema, kwa sababu alikisema Kiswahili. Alikisema vibaya, na bila haya. Batalioni yake ilipotoka kwenye kilima fulani ikiwa na watu wachache, yeye alilazwa kwa malaria na ugonjwa wa manjano, na alipopona hakurudishwa kwa wenzake. Alipelekwa kwa askari wa Afrika Mashariki waliokuwa vitani kule kule, maana walihitaji makoplo na masajenti. Akaishi nao hadi vita vikaisha, kisha akakaa nao kambini Nairobi akisubiri kuachiliwa. Alipenda kusema kwamba maneno ya amri alipewa na jeshi, matusi alipewa na wapishi, na yaliyobaki alijiokotea.

Kiswahili chake kilikuwa kimevunjika, lakini kilivunjika mahali pale pale kilipovunjika chetu. Yeye alisema "iko", nasi Uvira twasema "iko". Yeye alisema "kwisha kuja", na bibi yangu alisema hivyo hivyo. Tulielewana bila jasho. Aliyepata shida alikuwa mama mmoja Mkenya, mfanyakazi wa benki, aliyeleta suti yake nimpunguzie kiuno. Alimsikia Koplo akiuliza kama chai iko tayari, akacheka mpaka akafuta machozi. Akasema hivyo ndivyo walowezi walivyokuwa wakisema na babu yake shambani. Kisha akaacha kucheka, kama mtu aliyesikia alichokisema. Nilidhani Koplo atakasirika.

"Yeye nasema kweli," akaniambia mama yule alipokwenda. "Maneno ya kwanza mimi najua iko tatu. Lete. Ondoa. Upesi."

Binti yangu Neema alikuwa na miaka minane tulipofungua duka. Amezaliwa huku. Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimwuliza kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, na akiwa na wenzake ni Kizulu. Koplo alikataa kumjibu mpaka aulize kwa Kiswahili. Siku moja mtoto akachoka, akamwambia kwa Kiingereza kwamba hata yeye Koplo anakikosea. Koplo akafikiri. "Ndiyo," akasema. "Lakini mimi nasema." Neema akaondoka amenuna, ila baada ya hapo nilimsikia mara kadhaa akimwomba chaki kwa Kiswahili, neno moja moja, kama anatoa sadaka.

Na hapa ndipo ninapokwama ninapotaka kumsifu sana. Mbele ya duka langu aliuza matunda na vitumbua mama mmoja wa Soweto tuliyemwita MaDlamini. Alinilindia mlango nilipotoka, nami nilimshonea sare za wajukuu. MaDlamini hakumpenda Koplo, na hakuficha. Aliniambia: huyu mzee anasema lugha ya kwenu, watu wa mbali, lakini amekaa katika mji huu tangu vita viishe na hajui kuniomba ndizi kwa lugha yangu. Anajua kusalimu sawubona, basi. Eish, hata mbwa wa jirani yake anajua zaidi ya hiyo.

Nilimfikishia Koplo maneno hayo, maana niliona ni haki ayasikie. Alikuwa amekuja Johannesburg akiwa kijana, akafanywa msimamizi katika kiwanda cha viatu, akakisimamia mpaka akastaafu. Nikamwuliza miaka ile ya ubaguzi alifanya nini. Akasema alifanya kazi, na kwamba miaka ile alinyamaza. Hakuonekana kungoja nimwambie si neno. Jumanne iliyofuata alinunua ndizi kwa MaDlamini, akijaribu sentensi nzima ya Kizulu aliyokuwa ameiandika kwenye kikaratasi. MaDlamini alimsahihisha neno kwa neno, akamrudisha mwanzo mara tatu, watu wakipita. Hawakuwa marafiki baada ya hapo. Lakini kila Jumanne alinunua ndizi, na kila Jumanne alisahihishwa.

Sijasema bado alivyofika dukani kwangu mara ya kwanza, na si habari inayonipendeza.

Alikuja na koti la buluu nzito, la vifungo vya shaba, lenye nembo ya batalioni yake iliyotariziwa kwa uzi wa fedha juu ya mfuko wa kifua. Alitaka nipunguze mabega kwa sababu alikuwa amenywea. Kila Novemba walikutana kwenye mnara wa kumbukumbu ya vita kuweka mashada, na hakutaka kuonekana kama amevaa koti la mtu mwingine. Nikaiona nembo ile. Nikamwambia kwa Kiingereza, bila hata kuinua macho vizuri, kwamba mimi sishoni nguo za askari. Kisha nikajisemea kwa Kiswahili, Mungu wangu, hata huku wananifuata.

"Askari nafanya nini kwa wewe?" akauliza.

Mkasi uliniponyoka. Na kwa kuwa aliuliza kwa Kiswahili, nikamjibu. Nilimwambia kwamba kwetu askari walipita. Sikumwambia wa upande gani, maana pande zilibadilika kuliko majira. Walitaka watu wa kubeba mizigo yao hadi milima ya juu, wakazingira soko asubuhi wakachukua wanaume. Kaka yangu Kashindi alikuwa mmojawapo. Tulimwona akiondoka katika mstari, akipanda njia, na hakurudi. Hakuna aliyewahi kutuambia alifika wapi. Mama yangu hajui kama aweke msiba au aweke chakula.

Koplo alisikiliza amesimama, koti mkononi. Aliuliza jambo moja tu: alibebeshwa nini. Nikamwambia sanduku la risasi. Akalikunja koti lake, akasema, "Iko haki," akaenda zake.

Siku mbili baadaye alirudi. Alikuwa ameifumua nembo kwa wembe. Mahali pake palibaki alama nyeusi zaidi kuliko kitambaa kingine, imezungukwa na matundu ya sindano. Akaniambia sasa lile ni koti tu. Nikalichukua, nikapunguza mabega. Nembo aliirudishia mwenyewe nyumbani, kwa uzi mweusi, na ilikaa upande kama kofia ya mlevi. Tukaenda hivyo miaka yote: ikifika Oktoba anaifumua, ananiletea koti, napunguza, anairudishia. Kitambaa pale kifuani kikaanza kuchoka kwa kushonwa na kufumuliwa. Mwaka wa tatu nikaweka kipande cha bitana kwa ndani bila kumwambia. Yeye naye hakusema kitu, ingawa najua alikihisi kwa sindano. Mabega, kifua, mikono, kisha mabega tena. Alikuwa akiisha mikononi mwangu sentimita kwa sentimita, nami ndiye niliyeandika vipimo.

Nilipokuwa nikimpima alikuwa akitaja majina. Mwanzo nilidhani anasali. Yalikuwa majina ya vijana wa kikosi chake kidogo, watu tisa, aliyafanyia mazoezi kwa ajili ya Novemba ili asisahau hata mmoja mbele ya mnara. Kila jina lilikuwa na kitu chake. Huyu alikuwa akikata ngozi kiwandani meza moja naye. Huyu aliwaandikia wenzake barua za mapenzi kwa sababu aliandika vizuri, na alipokufa wasichana watatu waliona mwandiko umebadilika. Huyu alitembea kilima kizima amebeba kuku hai ndani ya koti la mvua, wakamla siku ya kuzaliwa kwa mwingine.

Kuhusu kupigana kwenyewe alisema machache. Nilichokishika ni habari ya mtu aliyekohoa. Walikuwa wamechimba mahandaki juu ya kilima, na Wajapani wamechimba ya kwao mteremko wa pili, karibu kiasi kwamba ukungu ulipokaa asubuhi walisikiana. Katika mahandaki ya Wajapani kulikuwa na mtu mwenye kikohozi kikavu, cha kuvuta. Koplo na wenzake walimzoea. Walimpa jina. Walipokunywa chai walimsubiri akohoe ndipo wanywe, kama mchezo. Wiki moja hivi ikapita, na asubuhi moja hakukohoa, wala ya pili. Wanaume wale, waliokuwa pale ili wamuue, wakanywa chai yao kimya, na mmoja wao akasema labda amepata dawa.

Unaweza kufikiri mtu kama huyo alikuwa jasiri, na mimi nilifikiri hivyo. Ile wiki ya mwaka 2019 maduka ya wageni yalipovunjwa katika mitaa ya jirani, na video zikawa zinatembea kwenye simu kuliko salamu, nilikaa chumbani kwetu, mtaa wa Bellevue, na mlango umefungwa, nikiwaza cherehani zangu mbili na nguo za watu. Ilikuwa Jumanne. Simu ikalia saa nne na dakika kumi. Koplo alikuwa mbele ya duka lililofungwa. Nilidhani ataniambia yeye yupo pale, atalinda. Nakiri nilitaka aseme hivyo. Alisema nisikanyage Kensington. Duka ni kitu, akasema, na kitu hununuliwa tena. Batalioni nyingi zimekufa kwa sababu mtu fulani aliona aibu kuondoka mapema. Akaniuliza kama Baba Neema ana soksi kavu, endapo itabidi tutembee. Kisha akarudi kwake.

Aliyebaki pale alikuwa MaDlamini. Alisogeza meza yake ya matunda ikaziba mlango wangu, akauza ndizi siku tatu bila kuondoka, na kundi lilipopita upande wa pili wa robot, taa za barabarani, likiimba, aliwatazama hadi wakapita. Hakuna aliyevunja kitu. Nilipomshukuru aliniambia nisimfanye malaika, alikuwa na mzigo wa ndizi unaoiva na hakuwa na pa kuupeleka. Nilipomwambia Koplo habari hiyo, alivua kofia. Alikwenda nje akamwambia jambo kwa Kizulu chake cha kikaratasi. MaDlamini, kwa mara ya kwanza, hakumsahihisha.

Jumanne mbili baadaye hakuja. Wala iliyofuata. Ya tatu aliingia mwanamke wa makamo mwenye macho yale yale, akatazama kuta, cherehani, stuli, kama mtu anayehakikisha anwani. Alikuwa binti yake Koplo. Aliniambia baba yake ameanguka bafuni, amevunjika nyonga, na sasa yuko kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Amekuwa akimtaka fundi. Huku Afrika Kusini hata Wazungu husema fundi wakimaanisha mjuzi wa jambo, kwa hiyo binti alimwita daktari wa mifupa, kisha mtu wa kutengeneza televisheni, na wote wawili baba yake aliwakataa. Mpaka alipopata kadi ya duka langu katika mfuko wa koti.

Nilikwenda siku iliyofuata, nimebeba utepe na chaki, maana Oktoba ilikuwa imefika. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu kando ya dirisha, blanketi magotini. Binti yake alinipa kiti, akatoka kwenda kuongea na wauguzi. Koplo aliuona utepe mkononi mwangu. Akaniambia niuweke. Mwaka huu hakuna koti.

Akaanza, na alisema polepole kuliko nilivyowahi kumsikia, akichagua maneno yake machache kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Ilikuwa kabla ya kile kilima cha mahandaki. Batalioni ilikuwa ikirudi nyuma kwa njia nyembamba, mvua inanyesha, nyumbu wengi wameshaanguka bondeni, kwa hiyo mizigo ilibebwa na watu waliochukuliwa katika vijiji vya milimani. Yeye alikuwa koplo wa mwisho wa mstari. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha mstari hausimami. Mtu mmoja wa wale wabebaji akakaa chini. Alikuwa na sanduku la risasi mgongoni, na alionyesha goti lake. Koplo akampigia kelele. Hakuinuka. Akampiga kwa kitako cha bunduki. Akainuka, akatembea kidogo, akakaa tena.

"Mimi naondoa sanduku," Koplo akasema. "Mimi nafikiri, sasa nabeba mwenyewe. Hapana. Mimi natia juu ya mtu mwingine, na yeye kwisha kuwa na mzigo yake. Yule wa goti nabaki pale njiani. Mimi iko na biskuti katika mfuko. Mimi hapana mpa."

Nikamwuliza kama aligeuka kumtazama. Akasema hakugeuka. Nikamwuliza alikuwa na umri gani. Akasema kama wake yeye. Jina hakulijua. Watu tisa wa kikosi chake aliwajua mpaka majina ya mama zao, lakini huyu hakumwuliza. Hakuwahi kumwambia mtu, wala mke wake alipokuwa hai, wala padri wa jeshi.

"Siku ile wewe nakataa koti," akasema, "wewe nakataa mtu sahihi."

Niliondoka kwenye kiti nikaenda dirishani. Nje kulikuwa na mhudumu anamwagilia majani. Nilikuwa na hasira, na si hasira ya miaka ya nyuma, ilikuwa mpya, ya saa ile. Nilifikiri miaka minne nimempima mtu huyu mabega. Nilifikiri miguu ya mume wangu mikononi mwake. Tena nikafikiri jambo ambalo sikutaka kulifikiri: kwamba mahali fulani kwetu yupo mwanamume, labda ana watoto sasa, labda anauza vocha za simu sokoni, ambaye alikuwa askari wa mwisho kwenye mstari siku ile, na anajua Kashindi alikaa wapi. Yeye hatakuja kuniambia kamwe. Huyu amenieleza ya mtu mwingine. Ndiyo habari pekee ya kaka yangu niliyowahi kupewa na askari, na haikuwa ya kaka yangu.

Hakuniomba msamaha. Nadhani angeniomba ningeondoka. Nami sikumpa, kwa sababu haukuwa wangu wa kutoa. Mwenyewe alibaki njiani Burma. Nilirudi nikakaa. Mhudumu akaleta chai, akaiweka, akatoka, na chai ikaanza kupoa.

Ndipo Koplo akaniuliza: "Ndugu yako. Yeye iko mtu gani?"

Sikuelewa mara moja. Watu wengi wameniuliza kuhusu Kashindi. Maafisa wa wakimbizi waliniuliza tarehe na mahali. Kanisani waliniuliza tumwombee akiwa hai au akiwa marehemu. Mume wangu, kwa upole wake, aliacha kuuliza zamani. Swali hili hakuna aliyeliuliza.

Nikaanza na kicheko. Nilimwambia Kashindi alikuwa mtu wa kuchelewa kucheka. Watu wakisimuliana kichekesho, wanacheka, wanamaliza, wanafuta macho, wameshahamia habari nyingine, ndipo yeye anaangua kicheko peke yake, na kila mtu anacheka upya kwa sababu yake. Nilimwambia alizaliwa kando ya ziwa na hakujua kuogelea. Kwamba alitengeneza redio za mtaa mzima kwa bisibisi moja, na redio ya nyumbani kwetu haikuwahi kufanya kazi. Kwamba ndagala, dagaa wa ziwa letu, aliwala kuanzia kichwani. Kwamba aliniibia rangi ya kucha kuwekea alama nyaya zake, na nilipomshtaki kwa mama alinitengenezea pete ya waya wa shaba, ikanipaka kidole kijani mwezi mzima. Koplo alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza miguu inavyouma, ameinamisha kichwa, akiuliza maswali madogo: waya wa rangi gani, mama alisema nini. Nilikuwa nalia, nadhani, na nilikuwa nacheka pia, na sikuona aibu.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa binti yake, akasema kwa Kiingereza kwamba daktari amefika, inabidi wamrudishe baba kitandani.

Koplo akainua mkono. Akamjibu kwa Kiswahili, bila kujua kwamba amefanya hivyo, na nikamwona yule mwanamke anasimama pale pale, mkono kwenye kitasa, akimsikia baba yake akisema lugha ambayo hakuwahi kumsikia akiisema.

"Ngoja," akamwambia. "Fundi bado hapana maliza."

Binti akanitazama nimtafsirie. Sikutafsiri. Aliangalia mkono wa baba yake uliobaki juu, akauangalia uso wangu, akafunga mlango taratibu, akaja akakaa ukingoni mwa kitanda. Nami nikaendelea pale nilipokuwa nimefika, kwenye kwaya ya kanisa letu, Jumapili, Kashindi amesimama safu ya nyuma na shati lake jeupe, akiianza sauti ya nne kabla mwalimu hajainua mkono.